Barua kwa mwanangu: sarafu za kopo la babu

Mwanangu Salama,

Huku Tanga sote wazima, mvua tu imetuchelewesha. Umeniuliza zile sarafu za babu yako uziuze mwenyewe eBay huko Hamburg au uzipeleke nyumba ya mnada. Nitafika huko. Lakini umeandika "rupia moja ni euro 180", hizo rupia za fedha za enzi za Mjerumani, na hapo ndipo nilipoweka miwani chini.

Hiyo ni bei ya anayeuza. Bei ni ile iliyolipwa. Rupia inaweza kukaa mtandaoni miaka mitatu kwa euro 180 bila mtu kuigusa. Washa kichujio cha eBay cha vitu vilivyouzwa, utaona mauzo ya siku 90 zilizopita. Bei iliyopigwa mstari maana yake muuzaji alikubali ofa pungufu, na pungufu kiasi gani huonyeshwi. Mauzo hayo yaache. Yaliyopata dau moja tu nayo yatilie shaka, kwani hiyo ni bei ya kuanzia iliyokosa mpinzani.

Tafuta kwa Kijerumani: "Deutsch-Ostafrika Rupie 1905" (ndiyo koloni lao la huku kwetu), kisha herufi ya kiwanda kilichoigonga, A ya Berlin au J ya hapo hapo Hamburg. Kusanya mauzo kumi ya mwaka uleule, herufi ileile, hali ileile. Yapange kutoka dogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Usijumlishe na kugawanya, maana wawili waliobishana kwa madau usiku mmoja watakuharibia hesabu yote. Hali ya sarafu itazame kwa tai aliye juu ya kofia ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani: manyoya yake yanahesabika, au pamekuwa laini kama kokoto? Kisha ipime kwa mzani wa sonara, si wa jikoni. Rupia moja ni gramu 11.66, madini ya fedha 917 katika elfu, yaani kama gramu 10.7 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya gramu ya fedha ya siku hiyo. Chini ya hapo usishuke hata mnunuzi akulilie.

Za heller 20 za 1916, sarafu ndogo za Mjerumani huyo huyo, zina mambo yake. (Hela unazonitumia jina lake limetoka humo humo koponi, sijui kama nilikwambia.) Ziligongwa Tabora, kwenye karakana ya reli, vita vikiwa vimeikata koloni na Ujerumani. Basi nyingine zilitoka na picha yenye ukungu tangu siku ya kwanza, na ukungu huo si kuchakaa. Zipo za shaba ya njano na za shaba nyekundu, za taji kubwa na za taji dogo, na herufi L za neno HELLER zenye ncha iliyopinda au iliyochongoka. Ukilinganisha taji kubwa na dogo umelinganisha papai na embe.

Na usizisafishe. Unaikumbuka ile ya rupia mbili ya 1893, iliyokuwa nyeusi kama sufuria? Shangazi yako aliisugua kwa ukwaju na majivu usiku wa kuamkia Idi. Kwa mapenzi, sikatai. Iling'aa kama sahani ya harusi, imejaa mikwaruzo. Sarafu ya namna hiyo ukiipeleka NGC au PCGS, kampuni zinazopima hali ya sarafu kwa namba, hairudi na namba, hurudi na neno "Details", yaani ni halisi lakini imeharibiwa, na wanunuzi wanalijua neno hilo. Sonara aliipima akanipa bei ya madini ya fedha tu, nikapokea, ada yako ya kidato cha tano ilikuwa mlangoni. Miaka yote nimelaumu ukwaju. Lakini hata ikiwa imekwaruzwa, rupia mbili ni adimu kuliko rupia moja, na mimi sikutazama mauzo hata mamoja. Bei ni ile iliyolipwa, na mimi ndiye niliyelipwa ile.

Haya, swali lako. Tangu Machi 2023 muuzaji binafsi eBay ya Ujerumani halipi kamisheni. Nyumba ya mnada hukata pande zote mbili: nyundo ikigonga euro 100, tuseme mnunuzi hulipa 120 na wewe hupata 85. Kwa hiyo ukisoma bei za minada ya nyuma, uliza kwanza kama ni ya nyundo au ina nyongeza ya mnunuzi ndani. Kwa heller za Tabora sioni haja ya nyumba ya mnada. Pesa za Barghash, sultani wa Zanzibar, za 1299 Hijria, zile zenye mizani, ni nyingi mno. Moja moja zitakula stempu tu.

Rupia za fedha ndizo zinazonitia kigugumizi. Ningesema usiuze. Lakini nilishauza mimi, nitasemaje? Basi sisemi. Nitumie picha, pande zote mbili, mchana karibu na dirisha, bila flashi.

Baba yako