Kabla ya Kununua Leza ya Kupimia Umbali Kiwandani, Kagua Kinachopimwa

Mafundi wa viwanda vya Jinja, Tororo na Namanve, hapa Uganda, wanaoniomba ushauri kuhusu vipima-umbali vya leza huanza na bei, kisha huuliza usahihi: hiki kimeandikwa milimita moja, kile milimita tatu, tuchukue kipi? Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kufunga vifaa hivi, ni lile lile. Nielezeni kwanza kinachopimwa ni nini, kina rangi gani, kina joto kiasi gani, na hewa iliyopo kati yake na kifaa imebeba nini. Usahihi unaotangazwa na mtengenezaji kwa kawaida ni wa mazingira mazuri, yaani shabaha nyeupe isiyong'aa na mwanga mdogo wa nje, na ni nadra kuyapata mazingira hayo katika karakana zetu.

Inafaa fundi aelewe kifaa kinavyofanya kazi, kwa kuwa udhaifu wake unaanzia hapo. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 kwa kila nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde. Vifaa vya masafa marefu hutuma mpigo mfupi wa mwanga, hupima muda uliopita hadi uliporudi, kisha hugawanya safari hiyo kwa mbili. Kutambua tofauti ya milimita moja kwa njia hiyo kunadai saa inayotenganisha pikosekunde 7 hivi (pikosekunde elfu moja ni nanosekunde moja), na ndiyo sababu vifaa vingi vidogo vya mkononi hulinganisha mawimbi ya mwanga uliotumwa na ya ule uliorudi badala ya kupima mpigo mmoja. Kwa umbali wa sentimita chache, kwa mfano kufuatilia unene wa bati linalopita mashineni, hutumika njia ya pembetatu, ambapo doa la mwanga huhama juu ya kipokezi kadiri uso unaopimwa unavyosogea. Anayezijua njia hizi tatu hauziwi kwa urahisi kifaa cha mita 50 kwa kazi ya sentimita tano.

Adui mkubwa ni vumbi. Silo ya saruji, yaani ghala lake refu, inapojazwa, chembe zilizo hewani hurudisha mwanga kabla haujafika kwenye saruji yenyewe, na kifaa huripoti kwamba silo imejaa ilhali iko nusu. Vipo vifaa vinavyoweza kupangwa vizingatie mwanga uliorudi mwisho na kupuuza ule uliorudi mapema. Katika vumbi la wastani vinasaidia kweli. Katika vumbi zito, hata hivyo, ninamshauri mwenye kiwanda aachane na leza na anunue rada ya gigahezi 80, inayopima kwa mawimbi ya redio badala ya mwanga, na ninasema hivyo ingawa leza ndiyo iliyonilisha miaka yote hii. Ukilazimika kubaki na leza, ifunge ndani ya bomba fupi linalopulizwa hewa ili lenzi isishike vumbi, na uhakikishe hewa hiyo imechujwa mafuta na maji, kwani kompresa isiyotunzwa itaipaka lenzi utando mbaya kuliko vumbi lenyewe.

Uso wa kinachopimwa nao una tabia zake. Mkanda mweusi wa mpira humeza mwanga mwingi na kupunguza masafa. Chuma cha pua kilichong'arishwa huurusha mwanga pembeni kama kioo, na maji safi huuacha upite hadi chini ya tangi, kwa hiyo hapo ni afadhali kupima boya linaloelea. Chuma kinachotoka tanuruni kikiwa chekundu hutoa mwanga wake chenyewe. Kifaa kinahitaji kichujio kinachopitisha rangi ya leza peke yake, na kifungwe mbali na joto.

Jua letu la Ikweta nalo lisisahaulike. Katika kiwanda kimoja cha mashariki, vipimo vya kreni ya juu viliyumba kila alasiri, na mafundi walikwisha kubadilisha nyaya na hata kifaa. Tuliposimama pale saa tisa, tuliona miale ikipenya kwenye mabati ya plastiki ya paa na kuangukia moja kwa moja sahani ya shabaha ambayo leza huilenga. Tuliweka kivuli kidogo cha bati na karatasi maalumu ya kurudisha mwanga, na tatizo likaisha bila kununua chochote cha maana.

Unapofunga, hangaikia pembe. Leza iliyopinda nyuzi moja katika mita 10 huongeza takriban milimita 1.5, lakini ikipinda nyuzi tano huongeza karibu milimita 38. Kisha kagua kifaa hufanya nini kinapopoteza mwanga: vingine huendelea kutuma namba ya mwisho, na kreni husogea ikiamini iko mahali ilipokuwa. Ishara ya umeme ambayo kifaa hutuma kipimo kwayo kwa kawaida huwa kati ya miliamperi 4 na 20; kipange kiishushe chini ya 4 kinapopoteza mwanga, ili mfumo utambue hitilafu na kusimamisha mwendo.

Kuhusu macho, leza nyekundu ya daraja la 2 la usalama haizidi miliwati moja, nasi hulindwa na kupepesa jicho ndani ya robo sekunde. Mwanga wa infraredi hauonekani, jicho halipepesi, na kwa hiyo mahali wanapopita watu ninakubali daraja la 1 tu.

Urekebishaji rasmi unaweza kuuomba kwenye maabara ya vipimo ya Shirika la Viwango la Uganda. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, chora alama ya rangi isiyofutika kwenye nguzo ambayo umbali wake umethibitishwa, elekeza leza hapo kila mwanzo wa mwezi, na uandike namba kwenye daftari la matengenezo pamoja na saa uliyopima, kwa sababu namba ya asubuhi na ya alasiri zikitofautiana, utajua uanzie wapi kutafuta.