Rivolva ya .22 yenye fremu kubwa: uzito ule unakusaidia nini kwenye shabaha

Wanaoanza kulenga shabaha kwa rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka yenye matundu ya risasi, huuliza kwa nini wabebe chuma cha kilo moja na robo ili kurusha kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 2.6. Ni swali la haki, na jibu wanalopewa mara nyingi si sahihi. Huambiwa kwamba fremu kubwa, yaani mwili mkubwa wa bastola, hupunguza teke, ule msukumo wa kurudi nyuma inapofyatuliwa. Risasi ya .22 LR (Long Rifle, ile .22 ya kawaida) haina teke la kumsumbua mtu mzima, hata kwenye bastola ndogo kabisa, kwa hiyo anayenunua fremu kubwa kwa sababu hiyo atakuwa amelipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Sababu ya kweli iko kwenye triga. Risasi ya .22 ni rimufaya: kemikali ya kuwashia baruti haimo katika kofia ya katikati ya ganda kama kwenye .38, risasi kubwa zaidi ya rivolva, bali imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda. Nyundo lazima iubane ukingo huo dhidi ya chuma cha silinda kwa nguvu ya kutosha mpaka kemikali iwake. Springi ya nyundo basi haiwezi kuwa laini. Rivolva nyingi za .22 zinapotoka kiwandani huhitaji kidole kivute kilo 5 hadi 6 kama hukukoki nyundo kwanza, yaani kuivuta nyuma kwa kidole gumba. Chukua sasa bastola ndogo ya aloi kama Smith & Wesson Model 317, ambayo toleo lake la mtutu mfupi halifiki gramu 350. Kidole kinaivuta kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kumi na tano hivi. Mkono hauwezi kuituliza. Kilengeo cha mbele kitacheza kushoto na kulia kabla nyundo haijaanguka. Rivolva ya kilo 1.2 ikivutwa kwa nguvu ileile, uwiano unashuka hadi mara nne au tano. Kosa la kidole halijaondoka, ila linaisogeza silaha kidogo zaidi, na kwa mita 25 tofauti hiyo unaiona kwenye karatasi.

Ninaposema fremu kubwa namaanisha ukubwa wa K wa Smith & Wesson na wa GP100 ya Ruger. Kiwandani K huitwa fremu ya kati, lakini kwa .22 ndiyo kubwa, kwa kuwa nyingi zilizobaki sokoni ni ndogo, za ukubwa wa J au wa SP101. Mfano ulioweka kipimo ni K-22, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1930 na baadaye, mwaka 1957, ikapewa jina la Model 17. Haikujengwa hivyo kwa bahati mbaya. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda kilitaka mlengaji awe na K-22 ya mazoezi na K-38 ya mashindano zinazolingana mkononi kwa ukubwa, triga na uzito, ili afanye mazoezi kwa risasi ya bei nafuu bila kubadilisha chochote. Hadi leo hiyo ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote kwa mwenye rivolva ya .38 au .357: nunua .22 ya fremu ileile unayoitumia. Mwenye GP100 ya .357 achukue GP100 ya .22, na mwenye Model 10 au 19, ambazo ni za fremu ya K, aende kwenye 17 au 617. Ukichanganya, kidole kinajifunza triga mbili na hakikai sawa kwa yoyote.

Model 617 ndiyo mrithi wa Model 17, iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na matoleo yake ya sasa hubeba risasi kumi. Yenye mtutu wa inchi 6 ina kilo 1.25 hivi, na ya inchi 4 kilo 1.1. GP100 ya .22 nayo hubeba kumi na ina uzito wa karibu kilo 1.2. Kati ya mitutu hiyo, kwa shabaha peke yake, mimi ningeshika inchi 6. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ukiongezeka, kosa dogo la kuvipanga halizai kosa kubwa kwenye karatasi, na uzito unaosogea mbele hupunguza mtikisiko wa kifundo cha mkono. Ila mwenye mkono unaochoka upesi asijilazimishe. Silaha inayotulia kwa risasi tano za kwanza kisha ikaanza kuzama kufikia ya kumi na tano itamharibia alama kuliko ya inchi 4 anayoweza kuishika saa nzima.

Jambo la mkono lisipuuzwe. Fremu kubwa huweka triga mbali kidogo, na mwenye vidole vifupi hujikuta akiivuta kwa ncha ya kidole huku akizungusha bastola kiganjani ili aifikie. Pima hivi: shika bila risasi, mtutu ukiwa sambamba na mfupa wa mkono wa mbele, kisha weka kidole kwenye triga. Kwa kuvuta bila kukoki, triga inapaswa kufika angalau katikati ya pingili ya kwanza, na wengi hupenda ikae kwenye kiungo chenyewe. Ikishindikana, badilisha mpini kabla ya kukata tamaa na fremu. GP100 ina faida hapa, kwa sababu mpini wake hushikiliwa na kijiti kifupi badala ya fremu nzima ya chuma, hivyo fundi anaweza kuuchonga mwembamba apendavyo.

Anayetazama mashindano ya kimataifa ya mita 25 apime mambo kadhaa kabla ya kulipa. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, kwa bastola ya .22 zinataka triga isiyopungua gramu 1,000, uzito usiozidi gramu 1,400, mtutu usiozidi milimita 153, na silaha yote iingie kwenye kisanduku cha milimita 300 kwa 150 kwa 50. Mtutu wa inchi 6 ni milimita 152.4, kwa hiyo unapita kwa nywele. Kinachoweza kukukwamisha ni mpini mpana au uzito wa kuongeza. Lakini niseme wazi: kama medali ya ISSF ndiyo lengo lako pekee, nunua bastola ya kujijaza yenyewe iliyotengenezwa kwa mchezo huo. Kwenye awamu ya haraka shabaha huonekana sekunde 3 na kufichwa sekunde 7. Kuvuta kilo 5 ndani ya sekunde hizo tatu, au kukoki kwa kidole gumba kila mara, ni mzigo ambao mpinzani wako hana. Rivolva inalipa kwa anayejifunza triga, kwa anayejiandaa kwa mashindano ya rivolva za .38, na kwa klabu inayotaka silaha moja itakayokula kila aina ya .22 LR bila kukwama.

Sasa udhaifu wake, ambao wauzaji hawausemi sana. Bastola ya kawaida ina chemba moja, yaani tundu moja ambamo risasi hukaa ikilipuka. Hii ina kumi, na kila moja lazima ijipange sawasawa na mtutu. Hazilingani. Zipe namba 1 hadi 10 kwa kalamu ya wino usiofutika, weka mikono juu ya mfuko wa mchanga, kisha kwa mita 25 piga risasi tano kutoka kila chemba kwenye karatasi yake. Kiboksi kimoja cha risasi 50 kinatosha kabisa. Pete ya kumi ya shabaha ya ISSF ya mita 25, ile ya awamu ya polepole, ina kipenyo cha milimita 50. Chemba inayotawanya kuzidi hapo, au inayopeleka kundi zima pembeni, ijulikane. Kwa kuwa mashindano mengi ya mita 25 hupigwa risasi tano tano, tafuta chemba tano zilizofuatana zilizo bora na utumie hizo tu. Hii ndiyo faida kubwa ya silinda ya kumi, kuliko ile ya kujaza risasi nyingi. Kumbuka tu kwamba silinda ya Smith & Wesson na ya GP100 ya Ruger, ukiitazama kwa nyuma, huzunguka kinyume cha saa, na ya Colt huzunguka kwa saa. Ukikosea hapo, mfyatuo wa kwanza utaangukia tundu tupu.

Tatizo la pili ni risasi kugoma kulipuka, na hapa watu wengi hujiletea wenyewe. Wanataka triga nyepesi, wanaweka springi laini ya nyundo, au wanalegeza skrubu ya mkazo, inayoikandamiza springi hiyo, iliyo mbele ya mpini wa Smith & Wesson. Kwa .38 huenda ikavumilika. Kwa rimufaya haivumiliki. Skrubu hiyo ikazwe mpaka mwisho, basi. Ukitaka wepesi, anza na springi inayorudisha triga, kisha fundi asugue sehemu zinazokwaruzana, na springi ya nyundo ibaki ya kiwandani.

Risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekea shabaha kwa sekunde 30, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Ndipo ufungue na kusoma alama ya pigo kwenye ukingo. Alama ya kina na iliyo wazi inaelekeza lawama kwenye risasi yenyewe, huenda kemikali haikufika sehemu ile. Alama hafifu maana yake springi, skrubu, au uchafu chini ya nyundo. Kuna aina ya tatu inayowachanganya wengi: risasi inagoma mara ya kwanza kisha inalipuka mara ya pili kwenye chemba ileile. Hapo ukingo haukuwa umekaa mpaka ndani. Pigo la kwanza lilipoteza nguvu kwa kuisukuma risasi, la pili ndilo lililoiwasha. Dawa yake ni kusafisha chemba na kusukuma kila risasi kwa kidole gumba mpaka ukingo wake ukae sawa na chuma.

Chemba za .22 huchafuka upesi kuliko za .38. Risasi hizi hupakwa nta au grisi, kichwa chake ni madini ya risasi yasiyofunikwa, na masizi hujikusanya mbele ya mdomo wa ganda. Maganda yakianza kuganda na kuhitaji kupigwa kwa kiganja ili yatoke, simama usafishe. Kupiga kwa nguvu hupinda kijiti cha kutolea maganda. Brashi ya shaba ya .22, mizunguko michache kwa kila chemba, na kazi imekwisha. Anayepiga .22 Short ndani ya chemba za LR hutengeneza pete ya masizi nyuma zaidi, na risasi ndefu zikirudi hazitaingia vizuri.

Unapotoa maganda, inua mtutu juu, kisha sukuma kijiti mara moja kwa nguvu hadi mwisho. Mtutu ukiwa umelala, chembe za baruti isiyoungua huanguka chini ya nyota ya kutolea maganda (kipande kilicho nyuma ya silinda kinachoyasukuma nje), nyota hainyanyuki na kurudi sawa, na silinda inakaza kama imevunjika. Wengi hupeleka rivolva kwa fundi kwa ugonjwa huu ambao mswaki mkavu wa meno hutibu kwa dakika moja.

Mazoezi ya kufyatua bila risasi yanahitaji tahadhari. Kwenye .38 pini huangukia hewani, lakini kwenye rimufaya huweza kugonga ukingo wa chemba na kuuchubua, na baada ya hapo risasi haziingii. Jaza chemba zote kwa risasi bandia, au kwa zile plagi ndogo za plastiki za kushikia skrubu ukutani, za rangi ya njano, saizi inayoingia bila kulazimishwa. Badilisha zikishakatika ukingo.

Kurekebisha vilengeo ni hesabu rahisi. Kosa kwenye karatasi zidisha kwa umbali kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha. Kundi liko milimita 50 chini kwa mita 25, na vilengeo vimeachana milimita 180: 50 mara 180, gawanya kwa 25,000, unapata milimita 0.36. Kilengeo cha nyuma kipandishwe juu kiasi hicho. Kwa kushoto na kulia, kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende. Usiguse skrubu yoyote kabla ya kupiga angalau risasi kumi za aina moja, na usibadilishe aina ya risasi baadaye bila kuanza upya. Kwa shabaha chukua zile za mwendo wa kawaida zenye kichwa cha grein 40. Za kasi kubwa huongeza kelele na hazipunguzi kundi.

Ukinunua iliyotumika, mmiliki akuthibitishie kwamba haina kitu, kisha ifungue uangalie mwenyewe kila chemba. Ifunge, koki taratibu kwa chemba zote kumi. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Tazama mwanya kati ya silinda na mtutu kwa geji ya karatasi za chuma: milimita 0.10 hadi 0.20 ni sawa. Ukizidi sana hapo, au chemba ikiwa imepishana na mtutu, vipande vya risasi hutemwa pembeni, na jirani yako kwenye mstari ndiye atakayeviona kwanza. Miwani ya kinga ni ya wote wawili. Angalia pia kingo za chemba kwa alama za pini, maana hizo ndizo zinazokuambia kama mwenye nayo alikuwa akifyatua tupu.

Mambo ya kibali yatangulie malipo, si kinyume chake. Kenya ni Bodi ya Leseni za Silaha, Tanzania ni sheria ya mwaka 2015 ya silaha na risasi, na kote huko silaha huombewa kibali kabla ya kuimiliki.

Na unapoondoka uwanjani, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula. Kichwa cha risasi ya .22 ni madini ya risasi, kemikali ya ukingoni kwa kawaida nayo ina madini hayo, na mwenye rivolva hushika silinda yenye masizi mara nyingi kuliko mwenye bastola ya magazini. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, hasa kama nyumbani kuna watoto.