Kusoma shaka ya dini katika fasihi ya Kiingereza ya mwanzo wa karne ya 20: kwa wanaoanza

Wengi huteleza mapema kwa kudhani shaka na ukanaji Mungu ni kitu kimoja. Anayekana amekwisha kata shauri. Mwenye shaka bado anavutana na nafsi yake. Usekulari nao ni jambo la tatu: unahusu mamlaka ya dini katika dola, shule na maisha ya umma. Amua mapema insha yako inahusu lipi.

Anza na shairi fupi. "The Oxen" la Thomas Hardy lilichapwa katika The Times tarehe 24 Desemba 1915, nalo lina beti 4 za mishororo 4. Lisome lote kwanza, kisha lirudie kwa kalamu ukipigia mstari kila kiwakilishi cha nafsi. Beti mbili za mwanzo ni za "sisi": watu wameota moto mkesha wa Krismasi, mzee anasema ng'ombe sasa wamepiga magoti, kama imani ya kijadi ya usiku huo isemavyo, wala hapana anayetia shaka. Katika ubeti wa tatu "mimi" anajitenga. Hapo geukia vitenzi. Nafsineni, yaani huyo "mimi" anayesema ndani ya shairi, hasemi atakwenda zizini. Anasema mtu akimwalika, angekwenda naye gizani akitumaini huenda ni kweli. Shairi zima limesimama juu ya hiyo "ange-". Ukiandika tu kwamba Hardy hakuamini, umeliruka.

Riwaya ya James Joyce, *A Portrait of the Artist as a Young Man* (1916), ina sura 5. Soma mahubiri ya jehanamu ya sura ya 3 sambamba na mazungumzo ya Stephen, mhusika mkuu, na rafikiye Cranly katika sura ya 5. Stephen anakataa komunyo ya Pasaka anayoombwa na mamake, ila Cranly anamwonyesha jinsi akili yake ilivyojaa dini hiyohiyo anayosema haiamini. Kweli, hata usanii wake anaueleza kwa lugha ya ukuhani. Na andika "Stephen anasema", si "Joyce anasema". Watahini hukata alama hapa, tena kwa haki.

Kuhusu chanzo cha shaka hii, usiitwike Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 kila kitu. *Father and Son*, kumbukumbu za Edmund Gosse za kuachana na imani ya babake, ilitoka 1907, na "God's Funeral" ya Hardy 1912. Darwin naye, aliyechapisha kitabu chake juu ya chimbuko la spishi 1859, alitanguliwa na uhakiki wa Biblia wa Wajerumani: mwanateolojia David Strauss alichapisha kitabu chake juu ya maisha ya Yesu 1835. Orodhesha tarehe hizi pembeni mwa karatasi kabla hujaandika "kwa sababu ya".