Kompyuta ndani ya raki ya studio: vipimo vya kumpa fundi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina studio ndogo ya kurekodi kwaya hapa Isevya, Tabora. Nina raki ya chuma ya 12U, yaani yenye nafasi kumi na mbili za kimo, kina chake sentimita 45, na ndani yake kuna amplifaya, mikisa na kifaa cha mwangwi. Kompyuta bado iko sakafuni kwenye kasha la mnara, na kila kiangazi nikilifungua nakuta vumbi limelala kama unga. Nataka kuihamishia ndani ya raki. Makasha ya kiwandani bei yake inanishinda, ila nina jirani fundi wa kuchomelea na mwingine seremala wa mninga. Mazabodi yangu, yaani bodi kuu ya kompyuta, ni ya saizi ndogo iitwayo microATX, pawa saplai ni ya saizi ya kawaida iitwayo ATX, na nina kadi moja ya sauti ya kimo cha kawaida. Je, 3U itatosha? Na niwape mafundi vipimo gani?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nakuomba jambo moja kabla hujaenda kwa jirani yako: usimwambie "inchi 19". Hapa Kigoma niliwahi kuletewa kasha zuri sana, limechomelewa vizuri na kupakwa rangi, na aliyelitengeneza alikuwa ameambiwa hivyo hivyo, "inchi 19". Akalifanya lote kuwa na upana huo. Halikuingia kwenye raki hata kwa nguvu. Inchi 19, yaani milimita 482.6, ni upana wa paneli ya mbele pamoja na masikio yake yanayofungwa kwa bolti. Uwazi kati ya nguzo na nguzo ni milimita 450 tu, na humo ndimo kasha lipite likiwa na nafasi ya vyuma vya kulibeba pembeni. Kwa hiyo mpe fundi vipimo viwili vilivyoandikwa: paneli ya mbele 482, kiwiliwili cha kasha 430.

Sasa kimo. U moja ni milimita 44.45. Kadi yako ya sauti ina kibati cha mwisho, kile kinachofungwa kwenye ukuta wa nyuma wa kasha, chenye kimo cha milimita 120, kwa hiyo 2U, ambayo ni milimita 88.9, haifai kabisa. 3U inafikia milimita 133 na kila kitu kingeingia, lakini kwa kubanana: feni ya milimita 120 ingegusa karibu bati la juu na la chini, na kipoza cha prosesa kingebidi kiwe kifupi. Kipoza kifupi huzungusha feni ndogo kwa kasi, na feni ndogo inayokimbia hupiga mluzi. Wewe unarekodi sauti za watu, na kipaza sauti chako hakichagui cha kusikia. Raki yako ni ya 12U na vifaa ulivyovitaja haviijazi. Chukua 4U, uweke feni kubwa zinazozunguka polepole.

4U ni milimita 177.8, ila paneli ikatwe 177 kamili, ili isisuguane na jirani zake wa juu na wa chini. Kiwiliwili cha nyuma yake kiwe kifupi zaidi, milimita 170, na sababu yake wengi huigundua wakati bati limeshakatwa. Kasha halitakiwi kuning'inia kwenye masikio ya paneli. Likiwa na pawa saplai, bati na kipoza, uzito wote unavuta nyuma, paneli inapinda na bolti zinalegea. Libebwe kutoka chini kwa vipande viwili vya chuma cha pembe, kimoja kila upande, na chuma hicho chenyewe kina unene wa milimita 3. Kama kiwiliwili kina kimo kile kile cha paneli, unene huo utakosa mahali pa kukaa na matundu ya bolti hayatakutana. Hukusema kama raki yako ina nguzo mbili au nne. Zikiwa nne, funga vyuma vya pembe kuanzia nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Zikiwa mbili, vifunge kwenye kuta za pembeni za raki, na mwambie fundi aongeze kipande cha kuunganisha vyuma hivyo kwa nyuma visitanuke.

Kuhusu matundu ya nguzo, yatazame vizuri: hayakupangwa kwa nafasi sawa. Ni 15.9, tena 15.9, kisha 12.7, halafu mpango unarudia. U moja huanza katikati ya ile nafasi fupi ya 12.7. Kwa paneli ya 4U matundu ya juu na ya chini huachana kwa milimita 101.6, lakini usitoboe kwa kuamini karatasi yangu peke yake. Shikiza paneli mahali itakapokaa, chora kwa penseli kutokea nyuma kupitia matundu ya nguzo, kisha toboa tundu refu kidogo la kulala, upate nafasi ya kurekebisha kushoto na kulia.

Kina ndicho kitakachokupa kazi kubwa kuliko vyote. Sentimita 45 unazosema bila shaka ni za nje. Pima kutoka uso wa nguzo za mbele hadi ukuta wa nyuma, ndani kwa ndani. Tuseme umepata milimita 420. Toa 70 za plagi ya umeme na nyaya za sauti zinazohitaji kupinda bila kuvunjika shingo. Zinabaki 350, na hicho ndicho kina cha kasha. Mazabodi yako ni milimita 244 kwa 244, viunganishi vyake vikitazama nyuma, kwa hiyo mbele yake inabaki nafasi ya milimita mia moja na kidogo: 25 za unene wa feni, zilizobaki ni za diski na nyaya. Pawa saplai ina upana wa 150, kimo cha 86 na kina cha 140, nayo ikae ubavuni mwa mazabodi. 244 na 150 ni 394, ndani ya 430 inaingia bila taabu. Msomaji mwingine mwenye mazabodi ya ATX kamili asinakili mpango huu: yake ina 305 upande wa nyuma, na 305 ukijumlisha 150 ni 455, imezidi. Yeye itabidi asimamishe pawa saplai kwa ubavu wake wa 86.

Kabla bati halijakatwa, kata kadibodi. Tengeneza kasha zima la kadibodi kwa vipimo hivi, weka mazabodi ndani, chomeka kila waya, lisukume ndani ya raki. Mimi sijawahi kupeleka kazi ya namna hii kwa fundi bila kufanya hivyo, na kila mara kadibodi imenionyesha kitu, mara waya mfupi wa pawa saplai, mara diski inayogongana na feni.

Sehemu ngumu kwa fundi yeyote wa grainda ni ukuta wa nyuma. Dirisha la viunganishi vya mazabodi ni milimita 158.75 kwa 44.45, na nafasi kati ya kadi na kadi ni 20.32. Ukikosea milimita moja, kadi inakaa upande na haishiki vizuri kwenye soketi yake. Usimpe mtu kazi hiyo. Kata kasha lako la mnara! Ndani yake kuna bati la kubebea mazabodi pamoja na ukuta wa nyuma, vyote vimetobolewa na mashine ya kiwanda. Vitoe kama kipande kimoja, vilaze, uvifunge kwa ribiti kwenye kasha jipya. Chukua humo humo swichi ya kuwashia na taa zake. Kama hutaki kuharibu kasha lako, tafuta bovu la kawaida la ATX. Epuka makasha ya kompyuta za ofisi zilizotengenezwa na kampuni moja nzima nzima, kwa sababu mengi yana mpangilio wao wenyewe. Ukishafunga, hesabu vile vijiguu vya shaba vinavyoinua mazabodi. Kila kimoja kiwe chini ya tundu la mazabodi. Kinachobaki bila tundu king'oe, kwa maana kitagusa nyuma ya mazabodi na kuiunguza.

Kwa kiwiliwili, bati la geji 18, lenye unene wa milimita 1.2, linatosha. Paneli ya mbele iwe geji 16. Bati hilo lisichomelewe kwa mstari mrefu, maana moto wa vijiti hulikunja, na kasha lililojikunja halifunguki wala halifungi. Likunjwe kati ya vyuma viwili vya pembe vilivyobanwa, kisha lishikwe kwa ribiti. Na kazi yote ya drili na grainda imalizike, kasha lioshwe na likauke, ndipo kifaa chochote cha umeme kiingie. Unga wa chuma ni adui wa mazabodi kuliko vumbi lote la Tabora.

Umemtaja seremala. Mninga ni mbao nzuri, na raki yenyewe ya mninga ingependeza studio yako. Kasha la kompyuta lakini liwe la chuma. Chuma huzuia mawimbi ya kompyuta yasiingie kwenye nyaya za kipaza sauti, na chuma huunganishwa na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini; mbao haifanyi lolote kati ya hayo.

Hapo kwenye ethi naomba unisikilize kama mtoto wangu. Pawa saplai ina vichujio vinavyounganisha umeme na kiwiliwili chake. Ethi ikiwepo, mkondo huo mdogo unaondoka salama. Isipokuwepo, kasha zima linakaa na takriban nusu ya zile volti 230, nawe ukigusa kasha na kipaza sauti kwa pamoja unasikia kitu kinakukwaruza vidole. Rangi nayo huzuia umeme kupita, kwa hiyo kwangua rangi kila mahali bati linapokutana na bati, na mahali pawa saplai inapofungwa. Kisha weka mita kati ya pini ya ethi ya plagi na kila ukuta wa kasha: isome chini ya omu 1. Baada ya hapo mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba yenyewe, na apime wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo ukikauka upinzani wake hupanda, na fimbo ya ethi iliyofanya kazi masika inaweza isifanye kazi Septemba. Ukisikia mvumo kwenye spika, chomeka vifaa vyote vya raki kwenye soketi moja ya ukutani. Usikate pini ya ethi ili mvumo uondoke. Nimeona watu wakifanya hivyo, na kwaya ina watoto.

Vumbi sasa. Sisi wa ziwani adui yetu ni kutu zaidi, lakini dawa ya vumbi ni moja popote: hewa iingie nyingi kuliko inayosukumwa nje, na iingie mlango mmoja tu. Weka feni mbili za milimita 120 kwenye paneli ya mbele zikivuta ndani, matundu ya bolti zake yakiachana kwa milimita 105, na mbele yake sponji jembamba lenye vitundu unaloweza kuling'oa kwa mkono. Nyuma acha feni ya pawa saplai peke yake na matundu machache ya wazi. Kwa kuwa ndani kuna msukumo, hewa itatafuta kutoka kwenye kila mwanya badala ya kuingia, na vumbi litabaki kwenye sponji. Lioshe kila wiki wakati wa kiangazi, likauke kabisa kabla ya kulirudisha.

Amplifaya, kwa uzito wake, ikae chini kabisa ya raki. Juu yake acha U moja au mbili zenye paneli ya matundu ili joto lipumue na transfoma yake iwe mbali na kadi ya sauti, kisha ndipo kompyuta.

Siku ya kwanza, usiiingize kwenye raki. Iwashe mezani ikiwa wazi, fanya kazi ya kweli ya kurekodi kwa saa nzima, uandike joto la prosesa. Funga kifuniko, weka sponji, rudia saa nyingine kwa kazi ile ile. Joto likipanda zaidi ya nyuzi 10, sponji lako ni zito mno au matundu ya nyuma hayatoshi. Yaongeze ukiwa umetoa kila kitu ndani.