Jibu: "Inauspicious start" maana yake nini hasa?

Habari mkuu. Nimekuelewa: ulitafuta inauspicious, kamusi ikakupa "-enye nuksi", ukaibandika kwenye habari ya mpira, sentensi ikagoma.

Kwanza angalia nomino inayofuata. Inauspicious hupenda kukaa na start, beginning au moment, yaani mwanzo au wakati fulani. Ukitaka kusema jirani yako ana kisirani, siyo hili. Mimi huandika "mwanzo usiotia matumaini" na kusonga mbele.

Kilichonisumbua zamani ni kudhani linatabiri mwisho. Wala! Linahukumu mwanzo tu. Argentina walifungwa 2-1 na Saudi Arabia kwenye mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia 2022. Hapo ndipo mwandishi wa Kiingereza angesema inauspicious start, na kombe wakabeba wao. Ndiyo maana mara nyingi utaona "but" inanyemelea mbele yake.

Halafu kuna hili linalonifurahisha: mzizi wake ni Kilatini, ndege na kutazama. Makuhani wa Roma walitazama ndege kabla ya jambo kubwa, wajue kama miungu imeridhia. Na sisi si tunasema ndege njema, ndege mbaya, yaani dalili ya heri au ya shari? Kwenye hadithi ningeandika "safari ilianza kwa ndege mbaya" bila wasiwasi. Kwenye habari ya mpira, hapana, wasomaji watakucheka.

Usilichanganye na suspicious tu. Hilo ni la kutilia shaka.