Ufadhili wa Masomo kwa Vigezo Visivyo vya Kawaida

SWALI: Ndugu Mhariri, alama zangu ni za wastani, na ufadhili mkubwa nimeukosa. Je, kuna misaada ya chuo inayotolewa kwa vigezo vingine?

JIBU: Ipo. Nchini Marekani, shindano la Stuck at Prom huwatuza vijana wanaobuni mavazi ya sherehe kwa utepe wa gundi, na Tall Clubs International huwafadhili wanafunzi warefu. Wakfu wa Evans Scholars, tangu 1930, huwalipia ada na malazi wabeba mikoba ya wachezaji wa gofu wenye uhitaji, ingawa huo nao hudai alama nzuri. Hata hivyo, misaada ya namna hii husimuliwa zaidi kuliko inavyopatikana. Ningekushauri uanze na mwajiri wa mzazi wako, chama chake cha wafanyakazi, taasisi yenu ya dini na vyama vya taaluma unayoikusudia, kwa kuwa fedha zao, japo kidogo, mara nyingi hugombewa na wachache. Kabla ya kupokea fedha hizo, kiulize chuo iwapo kitapunguza msaada wake kwa kiasi hicho hicho, na usimlipe yeyote anayedai ada ya maombi ya ufadhili.