Fundi akisema "tufomati", mwambie angoje kwanza

Wiki hii maswali mengi mliyonitumia yamekuja na hadithi moja: laptopu ilikuwa poa jioni, usiku ikafanya apdeti, asubuhi diski haionekani ama inaitisha namba ambazo hujawahi kuziona maishani. Nimechagua machache, juu mengine yanafanana kama mapacha. Neno fimwea mtaliona sana hapa, hiyo ni programu ndogo inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, diski ina yake na bodi ya laptopu ina yake ambayo wengi tunaiita BIOS. Hizo ni mbili tofauti, na nusu ya shida za watu ni kuzichanganya.

Mimi ni mhasibu, niko South B. Laptopu ilijiapdeti BIOS yenyewe, sasa skrini ni ya bluu inataka ufunguo wa namba 48. Nimeipeleka kwa fundi pale Moi Avenue, mwanamke mwenzangu tena, amesema diski imekufa tufomati. Vitabu vya wateja vyote viko humo na ritani za kodi za KRA hazingoji.

Dadangu, usifomati, hiyo ni kufuta kila kitu, na hiyo mashine irudishe nyumbani leo. Diski iliyokufa haikuulizi swali. Hiyo yako iko hai kabisa, imejifunga tu.

Iko hivi. Windows ina kufuli inaitwa BitLocker, na ufunguo wake unashikwa na chipu ndogo iliyo kwenye bodi, wanaiita TPM. Kila ukiwasha mashine, hiyo chipu inaangalia kama BIOS ni ile ile ya jana, ikiwa ni ile inafungua kimya kimya hata hujui kulikuwa na kufuli. BIOS ikibadilika inakataa. Ni kama soja wa geti amezoea sura yako miaka mitano, siku umenyoa kipara anakuitisha kitambulisho, si ubaya, hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa ufunguo uko wapi? Kama ni Windows ya kawaida ya nyumbani, hiyo kufuli huwa haikamiliki mpaka mtu aingie na akaunti ya Microsoft, na hapo ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Kwa hivyo chukua simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey na barua pepe yako. Zikitokea funguo kadhaa, linganisha herufi 8 za kwanza za utambulisho na zile ziko kwenye skrini ya bluu. Usipoipata, jiulize nani aliwasha hiyo mashine mara ya kwanza. Hapa ndipo Nairobi ina mambo yake: wengi tunanunua laptopu za ex-UK, zilizotumika Uingereza, na kijana wa duka akitaka kumaliza haraka anaweka akaunti yake mwenyewe ndiyo akuonyeshe inafanya kazi. Ufunguo wako unaweza kuwa umelala kwenye barua pepe ya mtu ambaye mlionana dakika 20. Rudi dukani na risiti, omba kwa upole, na akikupatia weka akaunti yako papo hapo. Kama ni Windows Pro na mtu alifunga kwa mkono, tafuta fleshi ama karatasi iliyopigwa chapa, na kama ni ya ofisi kubwa uliza watu wao wa IT.

Bila ufunguo hakuna fundi duniani atafungua, akikuambia ana programu ya kuvunja BitLocker mpungie mkono uende. Ukishaingia, kabla ya apdeti nyingine ya BIOS simamisha BitLocker kwanza, halafu irudishe baadaye.

Niko chuo Juja. Nilifanya apdeti ya BIOS kwa laptopu ya ex-UK, sasa inaanza halafu inaleta uso wa huzuni na INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Nimetoa SSD, ile diski ya chipu, nikaichomeka kwa mashine ya rafiki, faili zote ziko. Shida ni nini?

Wewe umeshajijibu nusu na hukujua, hongera. Faili ziko, SSD ni nzima, basi shida ni jinsi mashine inavyoongea nayo.

Kuna setingi kwenye BIOS inayosema diski iongozwe kwa mtindo wa AHCI ama wa RAID, mahali pengine imeandikwa Intel RST. Laptopu nyingi za Dell za kiofisi zinatoka kiwandani zikiwa kwa RAID. Fundi aliyekuwekea Windows labda aliona diski haitokei wakati wa kuinstoli, akabadilisha iwe AHCI, ikatokea, akaendelea na maisha yake. Windows yako imezaliwa ikijua AHCI. Sasa apdeti ikirudisha setingi za kiwandani, Windows inaamka na kukuta mlango umehamishwa, inaanguka hapo hapo. Kwa hivyo ingia BIOS, kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10, kwa ThinkPad ni F1, tafuta sehemu ya storeji, piga picha na simu vile ilivyo, badilisha iwe ule mtindo mwingine, hifadhi, washa. Mara nyingi inaingia kama vile hakuna kitu kilifanyika. Isipoingia irudishe ilivyokuwa, usianze kuichezesha huku na huku usiku kucha.

Na angalia saa pia. Kama kila ukizima inarudi mwaka wa zamani, ile betri ndogo ya saa kwenye bodi imeisha, na itazidi kukupotezea setingi hata bila apdeti. Betri ni bei ya chai na mandazi.

Mimi hupiga picha za harusi, niko Donholm. Nilikuwa naweka fimwea mpya ya SSD yenyewe, stima ikapotea katikati. Betri ya laptopu ilikufa zamani natumia chaja tu. Sasa kwa BIOS inatokea na jina la ajabu na ukubwa wa megabaiti chache. Kuna harusi tatu humo.

Pole sana kaka. Hii siwezi kuipaka sukari, ni mbaya kuliko hizo mbili za juu.

SSD haiweki picha zako kwa mpangilio kama vitabu kwenye rafu, inazitawanya vipande vipande kwenye chipu na kuhamisha hamisha kila mara ili chipu zichakae sawasawa. Kinachojua kipande kipi kiko wapi ni ramani ambayo fimwea inaisoma na kuiandika. Fimwea ikikatika katikati, picha bado ziko kwenye chipu ila hakuna mtu anajua mpangilio, na SSD nyingi za siku hizi zinasimba data zenyewe kwa ndani, yaani zinaigeuza fumbo, kwa hivyo hata mtu akizing'oa chipu na kuzisoma moja moja atapata uji. Hiyo dalili ya ukubwa wa ajabu ni ya kitambo, mwaka 2011 SSD za Intel za modeli ya 320 zilikuwa zikikatiwa stima vibaya zinaamka zikidai zina MB 8 tu. Intel ilitoa fimwea ya kuzuia, lakini walioshikwa tayari ilibidi wafute kila kitu ndiyo diski irudi kazini.

Jaribu hili moja, halina madhara. Tafuta mahali penye stima ya uhakika, chomeka chaja, washa mashine uingie BIOS na uiache hapo dakika 20, diski inapata umeme lakini hakuna anayeiuliza kitu. Zima, toa diski, sekunde 30, irudishe, fanya tena mara moja. Kuna SSD hujipanga upya zikipewa huo utulivu, na Crucial, kampuni ya SSD, wenyewe huwaelekeza wateja wao hivyo. Ikitokea na jina lake halisi, nakili picha kabla hujasema hata alhamdulillahi.

Isipotokea, koma. Usiweke programu za kurudisha faili, na Windows ikikuuliza kama iianzishe diski upya kataa. Hapo ni kazi ya maabara ya kurudisha data, na kabla hujampa mtu diski muulize mambo mawili: nisipopata picha nalipa nini, na nakala ya data zangu itafutwa lini. Mwandikishane kwa karatasi. Sura za maharusi ni data za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Na ununue betri bana. Fimwea bila betri Nairobi hii, hata mimi mwenyewe nimewahi kufanya ujinga huo nikiwa najiona mjanja, nikapoteza diski ya GB 256 yenye miaka minne ya mambo yangu.

Mwalimu, Kasarani: basi si heri kuacha apdeti kabisa?

Ndiyo swali zuri kuliko yote, na jibu ni hapana, ingawa naelewa hasira. Kuna diski zimekufa juu mwenyewe HAKUFANYA apdeti.

Sikiliza mwalimu, hii utaipenda hata darasani. Novemba 2019 HPE, kampuni ya seva, ilitangaza kwamba SSD zake fulani za seva zitakufa zikifikisha saa 32,768 za kufanya kazi. Si karibu hapo, hapo hapo. Hesabu: miaka 3, siku 270 na saa 8. Na 32,768 ni mbili kumi na tano zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, hatua moja nje ya namba kubwa kabisa ambayo kihesabu cha biti 16 chenye alama, yaani kinachohesabu hata namba hasi, kinaweza kushika. Hebu fikiria seva yenye diski nane zilizowashwa siku moja, zote zinakata roho pamoja, na bekapu kati ya hizo diski haikusaidii kitu. Dawa ilikuwa fimwea mpya, iwekwe kabla ya siku kufika. SSD za Crucial m4 nazo zilikuwa na ugonjwa wa familia hiyo, zikifika karibu saa 5,184 zinaanza kupotea kila baada ya saa moja, fimwea ya Januari 2012 ikatibu. Na mwaka 2023 kuna SSD za Samsung 980 Pro zilikuwa zinajifunga zisiandike tena, wenye walikuwa washaweka fimwea mpya wakapona, walioshikwa tayari fimwea haikuwarudishia kitu.

Kwa hivyo fanya, lakini fanya kama mtu anayevuka Thika Road, si kama anayevuka korido. Bekapu kwanza, kwenye kitu kingine tofauti kabisa. Chaja imechomekwa na betri iko nzima. Bundles zako zisiwe zinakata, shusha faili yote kwanza ndiyo uanze. Usifanye usiku wa kuamkia mtihani. Na namba ya modeli isomwe yote, hadi herufi ya mwisho, juu SSD iliyokuja ndani ya laptopu ya ofisi huko Uingereza mara nyingi si ile ya dukani hata kama stika ni ya kampuni ile ile, fimwea yake inatoka kwa Dell, HP ama Lenovo, na programu ya mtengeneza diski itakuambia haiitambui. Ikikwambia hivyo usilazimishe na faili ulizotoa kwa mtu wa mtandaoni.

Nina cyber Githurai. Diski ngumu ya zamani imekataa, fundi anataka kununua nyingine kama hiyo abadilishe bodi ya chini tu. Itafanya?

Ilikuwa inafanya zamani zile. Siku hizi bodi ina chipu ndogo ya ROM yenye vipimo vya diski hiyo moja, vilivyoandikwa kiwandani, na sehemu kubwa ya fimwea iko kwenye sahani zenyewe zinazozunguka ndani. Ukivika bodi ya jirani itanguruma na kugonga gonga. Ahamishe hiyo chipu pia, kama ana mkono wa kuchomelea, ama aache. Na kama tayari inagonga, izime sasa hivi hata kabla hujamaliza kusoma hapa.

Kumbuka pia ugonjwa unaweza kuwa wa fimwea na si wa bodi kabisa. Diski za Seagate Barracuda 7200.11 mwaka 2009 zilikuwa zinalala na data zote ndani zikiwa nzima, tena fimwea ya kwanza ya kutibu ikaua baadhi ya zile za GB 500, ikabidi iondolewe. Watu walitupa diski nzuri sana mwaka ule.

Haraka haraka:

*Niweke diski kwa friza?* Hapana. Unyevu utaganda kwenye sahani. Friza ni ya omena.

*Ni kweli apdeti ya Windows 11 ya Agosti 2025 iliua SSD?* Kelele zilikuwa nyingi, Microsoft ikachunguza ikasema haikupata uhusiano, na Phison, wanaotengeneza kontrola zilizolaumiwa (chipu inayoongoza SSD), wakasema wamejaribu zaidi ya saa 4,500 bila kuona hilo tatizo. Kama yako ilikufa wiki hiyo nakuamini imekufa, sababu ndiyo tunabishania.

*Nimeuziwa SSD ya TB 2 barabarani bei ya kiatu cha mtumba, faili zinaharibika baada ya muda.* Hiyo fimwea imefundishwa kudanganya. Chipu ni ndogo, fimwea inasema TB 2, ukijaza inaanza kuandika juu ya za kwanza. Ipime na programu ya H2testw, kwa Linux ni F3, inajaza yote halafu inasoma tena, uongo unatoka wenyewe.

*SSD yangu imekufa kabisa, niitupe wapi?* Si kwa pipa la ploti. WEEE Centre upande wa Utawala wanapokea takataka za kielektroniki. Lakini ifungue kwanza, zile chipu nyeusi ndizo zina data, si kontrola, basi piga kila moja na nyundo mpaka ipasuke. Vaa miwani.